Miaka Elfu Moja Mbele: Juu ya Umri na Mwendelezo katika Hadithi za Legion of Super-Heroes

Miongoni mwa hadithi za picha zitolewazo Marekani, iko moja ambayo mwanafunzi wa lugha ana sababu ya kuitazama kwa makini kuliko nyingine, nayo ni ile ya Legion of Super-Heroes. Ilizaliwa katika toleo la 247 la Adventure Comics, lenye tarehe ya Aprili 1958. Mtungaji alikuwa Otto Binder, na mchoraji Al Plastino. Vijana watatu, Cosmic Boy, Saturn Girl na Lightning Lad, watoka zama zijazo na kumwendea Superboy ili wamwalike katika chama chao cha vijana wenye nguvu za ajabu. Zama walizotoka ni miaka elfu moja mbele. Hadithi yenyewe ni nyepesi, wala haina dalili ya kutungwa ili idumu. Lakini katika maneno hayo, "miaka elfu moja mbele," mlikuwa na fundo ambalo wasomaji wamelibishania kwa zaidi ya miaka sitini, nami naona ya kuwa mabishano hayo, yakichunguzwa vema, ni mabishano ya sarufi.

"Miaka elfu moja mbele" yaweza kuwa tarehe, au yaweza kuwa neno la kuelekeza mfano wa "kesho." Tarehe haisogei: mwaka 2958 ni huo huo kwa asomaye leo na kwa atakayesoma baadaye. "Kesho" husogea pamoja na msemaji. Kila aifikiapo, imekwisha kumkimbia. Watungaji wa Legion walishika njia hii ya pili. Ilizoeleka kuwa hadithi iliyotolewa mwaka fulani ilitukia miaka elfu moja baada ya mwaka huo, hata zile za miaka ya 1980 zikawa za miaka ya 2980. Hapo ndipo penye taabu. Umberto Eco, katika makala yake ya mwaka 1962 juu ya Superman, alikwisha kueleza ya kuwa shujaa wa namna hii kila atendapo jambo lenye matokeo hujisogeza kuelekea mauti, na kwa sababu hiyo watungaji humweka katika wakati wenye ukungu, ambamo haijulikani tukio lipi lilitangulia lipi. Superman aliweza kukaa ndani ya ukungu huo. Legion hawakuweza, maana saa yao ilitundikwa ukutani na kila msomaji aliiona. Mwaka ulipoongezeka kwake, uliongezeka kwao pia. Kijana wa miaka kumi na minne katika mwaka 2958 angekuwa mtu wa miaka arobaini na mitano katika 2989, naye bado alichorwa kijana.

Yafaa kukumbuka kuwa jawabu moja lilitolewa mapema sana. Katika toleo la 267 la Action Comics, la Agosti 1960, Supergirl aliambiwa na vijana wa Legion kuwa wao ni watoto wa wale waliokutana na Superboy. Jawabu hilo lilikuwa safi kuliko yote yaliyofuata, kwani liliukubali mwendo wa wakati na kuuhesabu kwa vizazi. Liliachwa upesi, na vijana wakawa tena ni wale wale.

Wasomaji wa hadithi hizi hawakuwa watazamaji tu. Katika miaka ya 1960 waliitwa wampigie kura kiongozi wa Legion, na barua zao zilichapwa. Mwaka 1972 lilianza jarida lao, The Legion Outpost, na mwaka 1976 ikaundwa jamii iitwayo Interlac, ambayo kila mwanachama wake aliandika kurasa zake, zikakusanywa na kupelekewa wote kwa posta. Humo ndimo hoja zilimochongwa. Wako waliotaka mashujaa wakue, waoe, wazae na kuzeeka, kwa kuwa wao wenyewe walikuwa wakifanya hayo. Na wako walioona ya kuwa Legion pasipo ujana si Legion tena, maana majina yao yenyewe ni Lad na Lass na Boy na Girl. Hoja ya mwisho hii si ya kuchekwa. Jina likimtaja mtu kuwa mvulana, basi mvi zake ni ukanushi wa jina lake.

Mfano ulio bora wa mzozo huu ni hadithi ya mwaka 1967, katika Adventure Comics 354 na 355, iliyotungwa na Jim Shooter, aliyekuwa bado na miaka kumi na mitano. Humo Superman, akiwa mtu mzima, awatembelea Legion waliokwisha kukua. Aonyeshwa waliooana, kisha aonyeshwa sanamu za waliokufa. Mmoja wao ni Ferro Lad, ambaye wasomaji walikuwa wamekwisha kumwona akifa katika toleo lililotangulia. Wengine hakuna msomaji aliyewahi kuwaona. Chemical King alikuwa na sanamu ya ukumbusho kabla hajazaliwa katika hadithi! Aliingizwa mwaka 1968, akafa mwaka 1977, kama ilivyoandikwa. Shadow Lass naye aliingizwa mwaka 1968 hali sanamu yake yamngoja, walakini yeye hakufa.

Katika Kiswahili twaweza kulisema jambo hili kwa usahihi ambao watungaji wa Kiingereza huufikia kwa mzunguko. Hadithi ya 1967 ilinena, "Atakuwa amekufa." Toleo la 300, la mwaka 1983, lililotungwa na Paul Levitz, likaifanya ile hali ya utu uzima kuwa moja tu ya njia nyingi zilizowezekana, yaani likageuza "atakuwa amekufa" kuwa "angekuwa amekufa." Badiliko la viambishi tu, lakini kwa msomaji aliyemtazama Chemical King kwa miaka tisa akiujua mwisho wake, ni badiliko zito. Kuna walioliita ukombozi, kwa sababu watungaji wasifungwe na maandiko ya kijana wa miaka kumi na mitano. Mimi nawaelekea walionung'unika. Nguvu yote ya zile sanamu ilitoka katika "-ta-". Ikiondolewa, kifo cha mwaka 1977 chabaki ajali.

Hapa neno lahitaji kupambanuliwa. Aghalabu husemwa "mfululizo" kwa maana ya matoleo kufuatana. Lakini lile walilolipigania wasomaji ni "mwendelezo." Tazama umbo lake: kuendelea hutendwa na kitu chenyewe, lakini kuendeleza kwataka mtendaji. Mwendelezo haupatikani kwa hadithi kutopingana na yaliyotangulia tu, kama daftari la mhasibu. Hapana budi awepo mtu aliyepokea la jana na kulisogeza mbele kwa makusudi. Wengi waliojiita watetezi wa mwendelezo walikuwa, kwa kweli, wakaguzi wa mfululizo.

Mwaka 1986 shirika la DC lilipoanza upya maisha ya Superman na kufuta ule ujana wake wa Superboy, Legion walibaki na mzizi uliokatwa. Mwaka uliofuata likaundwa fumbo la ulimwengu wa pembeni ili kuziba tundu. Kiraka hicho hakinishughulishi. Kilicho kikubwa ni kilichofuata mwaka 1989, Keith Giffen alipoanza kuitunga hadithi pamoja na Tom na Mary Bierbaum, mume na mke waliotoka katika ile jamii ya wasomaji ya Interlac. Waliruka miaka mitano mara moja. Kitabu kilitolewa 1989, tarehe yake ya ndani ikawa 2994. Kwa tendo hilo waliikata ile hesabu ya elfu kamili: "kesho" ikaacha kuwa kesho, ikawa tarehe. Nao waliyatimiza yatokanayo. Chama kimevunjika, Rokk Krinn, aliyekuwa Cosmic Boy, amepoteza nguvu zake vitani, na mkewe ni mjamzito, mavazi na majina ya utoto yamewekwa kando, watu huitwa kwa majina waliyopewa na wazazi wao. Ukurasa mmoja hugawanywa mara nyingi vyumba tisa, na maelezo ni machache. Msomaji mgeni alipotea, na lawama hiyo ni ya haki. Lakini sijui hadithi nyingine ya namna hii iliyokiri waziwazi ya kuwa miaka mitano humpitia mtu na kumwachia alama.

Ubaya ulikuja kwa mlango mwingine. Watungaji wale wale, wakiwa na elimu ya wasomaji na uchu wa wasomaji, walitoa fumbo ya kuwa Lightning Lad, aliyekufa na kufufuliwa katika matoleo ya 1963, tangu ufufuo huo hakuwa yeye, bali kiumbe Proty ndani ya mwili wake. Hivyo mume aliyefunga ndoa na Saturn Girl mwaka 1978, na baba wa watoto wake, alikuwa mwingine! Ushahidi wa matoleo haukupingwa popote. Mfululizo ulisalimika, mwendelezo ukavunjika. Kisha wakaletwa vijana pacha wa mashujaa wale wale, wabichi kama wa zamani, wakapewa gazeti lao Legionnaires mwaka 1993, na ubishi ukawa ni wapi walio wa asili. Suala hilo halikupewa nafasi ya kutulia: mwaka 1994 hadithi yote ilifutwa ikaanzwa upya na vijana. Ikaanzwa tena mwaka 2004, na tena mwaka 2019. Katika miaka ya 2008 na 2009 Geoff Johns alizikusanya Legion tatu na kuziita za malimwengu matatu. Hii ni amani ya hakimu awapaye wote haki ili waondoke barazani.

Jambo moja lanishangaza kama mtu wa lugha. Ubishi wote uliangukia umri wa miili, hali umri wa maneno uliachwa. Hadithi yatuambia ya kuwa sayari zote zimeunganishwa na lugha moja ya mawasiliano, Interlac, ambayo ile jamii ya wasomaji iliazima jina lake. Nasi tulio katika kazi ya Kiswahili twalielewa wazo hilo bila kufafanuliwa. Lakini Kiingereza cha miaka elfu moja iliyopita Mwingereza wa leo hawezi kukisoma asipofundishwa, na sisi wenyewe Utendi wa Tambuka, wenye nakala ya mwaka 1728, twausoma kwa kuomba msaada wa fasiri. Interlac iliyochorwa katika kurasa za Legion ni alama moja kwa kila herufi ya Kiingereza, na maneno yaliyo chini yake ni ya siku ile ile gazeti lilipouzwa. Mwenye ufunguo wa herufi ishirini na sita husoma tangazo la ukutani la mwaka 2994 bila kamusi.