Shefu mwenye kupunguza kazi

Mnajua tunataka kutengeneza programu ya michango ya chama chetu. Juzi, pale tulipofika kwa kuchagua msimamizi, bale wanaoandika programu walisema wazi: shefu ni mtu wa kula mshahara bure, watuache tufanye kazi. Mi nilinyamaza, juu nilikuwa nasoma makala moja ya zamani: ile ya Nick Hughes na Susie Lonie, ya 2007, inayosimulia namna M-Pesa ilizaliwa Kenya.

Tujue mapema kwamba wote wawili walikuwa mameneja wa Vodafone. Kwa hiyo ni mashefu wanaojisimulia. Lakini waliandika mwaka ule ule wa uzinduzi, mbele ya sifa zote kuja, na mashaka yao bado yanaonekana.

Sehemu ya Hughes niliipita mbio. Ni ya kutafuta feza na kushawishi wakubwa.

Ya Lonie njo yenye nyama. Programu ilianza kama chombo cha kulipia mikopo midogo. Jaribio lilianza Oktoba 2005 pamoja na shirika la mikopo la Faulu, na wateja hawakufika hata 500. Mikopo ile ilikuwa ya vikundi: watu wanakutana, wanalipa pamoja, wanadhaminiana. Kuingiza desturi hiyo mu simu, kiisha kuilinganisha na vitabu vya shirika, kulileta matatizo mengi. Na kumbe wateja walikuwa na mambo yao. Mtu anaweka feza mbele ya safari, anazitoa akifika, asiibiwe njiani. Mwingine anamtumia ndugu yake. Lonie alikuwa pale pale, akaona. Safaricom ilipozindua M-Pesa mwezi wa tatu 2007, mambo ya mikopo yalikuwa yameondolewa. Hesabu ilikuwa fupi: weka, tuma, toa, nunua inite.

Hapo nilifunga simu nikafikiri kidogo. Kwa mtu anayeandika programu, kitu kilichoondolewa ni kosa ambalo hatalitafuta saa nane ya usiku. Mu biro moja nilikofanya kazi, sitaitaja, shefu wetu hakuenda hata siku moja kumuona muuza duka aliyetumia programu yetu. Kila Jumatatu alileta sehemu mpya ya kuongeza. Mimi mwenyewe nilipokwenda, nilikuta yule muuza duka anatumia sehemu tatu tu, zingine hata hajazifungua. Yaya mmoja tuliyefanya naye kazi, aliyenipita mbali kwa akili, alichoka akaacha. Leo anauza simu sokoni. Anakula vizuri, sibishi, lakini programu hajaandika tena.

Njo maana nina lawama moja kwa makala hii. Programu ya M-Pesa iliandikwa na watu wa Sagentia, kampuni ya Uingereza, na hakuna hata mmoja wao kati ya waandishi. Nani aliwaambia kwamba kazi yao ya miezi inabomolewa? Waliambiwa sababu, ao waliletewa amri tu? Mi ningetaka kusikia hiyo kutoka kwa kinywa chao, juu shefu anaweza kuona sawasawa kwa mteja na bado akawavunja watu wake. Kwa mtu kama mimi, hiyo njo sehemu kubwa ya habari, na haimo.

Sasa nirudi kwa chama chetu, hapa Kamina. Jina linalotajwa kwa usimamizi ni la yule mwenye diploma kubwa kutupita wote. Namuheshimu. Lakini ninauliza: amekwisha kukaa hata mara moja kando ya mama mtunza feza wetu, siku ya michango, wakati anaandika majina mu kaye na huku anapokea feza zingine kwa M-Pesa? Kama hapana, mi napendekeza huyo mama mwenyewe atusimamie.