Vijidudu Redioni

Tunapoupima uenezaji wa sayansi kwa njia ya redio, aghalabu twauliza iwapo mtangazaji ametumia Kiswahili chepesi. Sisi tunaonelea kwamba swali hilo halitoshi, kwani wepesi nao waweza kupotosha.

Tulitazame neno vijidudu, ambalo katika vipindi vya afya limekuwa kapu la kutilia kila kitu: malaria ni vijidudu, kifua kikuu ni vijidudu, mafua nayo ni vijidudu. Msikilizaji huelewa upesi, ila anachokielewa sicho. Malaria huletwa na vimelea wanaoingizwa mwilini na mbu aina ya anofelesi. Kifua kikuu huletwa na bakteria. Mafua huletwa na virusi. Dawa zinazoua bakteria haziui virusi hata kidogo. Basi mwananchi aliyeambiwa kuwa maradhi yote hayo ni vijidudu, na kwamba ipo dawa ya kuua vijidudu, ana kosa gani akienda kuinunua kwa ajili ya mafua ya mwanawe? Amefuata mantiki ya lugha tuliyompa. Na dawa hizo zikitumiwa ovyo, bakteria walio sugu ndio wanaosalia na kuzaana, hata siku zinapohitajika kweli zisifae kitu.

Lawama hii isiwaangukie watangazaji peke yao. Sisi waunda istilahi tuliwapa nini? Tuliwapa viuavijasumu. Katika orodha ni neno la kupendeza, limejengwa kwa viungo vya Kiswahili kitupu. Likisomwa redioni mara moja na kupita, sikio hunasa kuua na sumu, na mgonjwa akaingiwa na hofu ya kidonge chenyewe. Hali kadhalika kirusi, umoja wa virusi: kitabuni herufi kubwa huitenga lugha ya Warusi na ugonjwa, lakini redio haina herufi kubwa.

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 nchini Tanzania walisikiliza vipindi wakiwa vikundini, kijitabu mkononi na kiongozi kando yao. Neno lililotatiza lilikuwa na mahali pa kuulizwa. Msikilizaji aliye peke yake jikoni au safarini hana wa kumwuliza. Neno lisipojieleza lenyewe, limepotea.

Kwa hiyo twapendekeza kila istilahi ya afya isomwe kwa sauti mbele ya watu wasio na orodha, kabla haijapitishwa. Vimelea, bakteria na virusi yatumike kila moja mahali pake, pamoja na maelezo mafupi. Ama viuavijasumu, kibaki vitabuni; redioni tungesema dawa ya bakteria, kama tusemavyo dawa ya minyoo, ijapokuwa wapo wenzetu watakaotulaumu kwa kulikumbatia neno la kigeni.