Kisakale Kilichokatwa Pabaya: Uhakiki wa Simulizi ya Akhwari Kama Nilivyoisikia Mpanda

Utangulizi

Makala haya yanahakiki simulizi ambayo karibu kila aliyesoma shule nchini mwetu amewahi kuisikia paredi au uwanjani, lakini ambayo darasani hatuihesabu kuwa fasihi. Ni simulizi ya John Stephen Akhwari, mkimbiaji kutoka Mbulu, aliyeumia katika maratoni ya Olimpiki mjini Mexico City tarehe 20 Oktoba 1968, na bado akamaliza mbio.

Mimi niliisikia zaidi Mpanda, nilipokuwa mwanachuo na mkimbiaji wa mita 5,000. Kila niliposimuliwa nilikuwa nimeumia. Kwa hiyo msomaji asitegemee mhakiki asiye na upande. Upande ninao, nao uko kwenye kifundo cha mguu wa kushoto.

Hoja yangu ni kwamba simulizi hii ni nzuri, ila jinsi tunavyoitamba tumeikata pabaya. Tumebakiza jeraha, tukatupa kupona.

Fani ya simulizi

Kwanza tuikumbuke. Mexico City iko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake nyepesi iliwatesa wengi. Akhwari alianguka njiani, akaumia goti na bega. Akafungwa bendeji, akaendelea, mara akikimbia mara akitembea. Alipovuka mstari, Mamo Wolde wa Ethiopia alikwisha shinda saa moja na dakika tano kabla. Akhwari akawa wa 57, yaani wa mwisho. Alipoulizwa kwa nini hakujitoa, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali kote kule aanze mbio tu, ilimtuma akazimalize.

Tukifuata uainishaji wa Mulokozi wa tanzu za fasihi simulizi, hiki ni kisakale: mhusika ni mtu wa historia, tukio ni la kweli, lakini midomo ya watambaji imelifinyanga. Angalia namba. Katika jibu lile umbali unaotajwa mno ni maili 5,000. Chukua ramani upime: kutoka Dar es Salaam hadi Mexico City, hata kwa njia ya ndege, ni zaidi ya maili 9,000. Kwa kawaida kisakale hutia chumvi, hiki kimepunguza! Sababu ni kwamba namba hapa haipimi kitu. Elfu tano inatamkika vizuri, basi.

Mtambaji wa Mpanda naye ana ufundi wake. Mkufunzi wetu wa michezo hakutuambia kilomita 42. Alituambia, "Toka hapa mjini, mbio mpaka Sitalike, ufike mlangoni kwa viboko, halafu uambiwe bado." Hadhira yote ikaguna. Hapo Mexico ilihamia Katavi, na kila mmoja wetu akaanza kuhisi vumbi jekundu puani.

Tofauti na mashujaa wetu wa kale nayo inafaa kutazamwa. Fumo Liyongo, katika utenzi wa Muhammad Kijumwa wa mwaka 1913, ana siri moja ya mwili, nayo ni kitovu. Akichomwa hapo, basi. Anapiga goti kisimani na upinde wake, watu wanaogopa kumkaribia, kumbe amekwisha kufa. Kwa Liyongo jeraha ndilo mwisho wa ushujaa. Kwa Akhwari jeraha ndilo mwanzo wake, asingeanguka, tusingemtamba. Hapa ndipo penye hatari. Mwanafunzi anayesikiliza anaweza kuelewa kwamba njia ya kuwa shujaa ni kuumia.

Yaliyonyamaziwa

Mhakiki husoma pia kisichosemwa. Katika kisakale hiki mna kimya mara tatu.

Kimya cha kwanza ni bendeji. Kama kuna bendeji, basi kuna mtu aliyeifunga. Kuna aliyeinama akalitazama goti lile. Watambaji wetu humruka.

Kimya cha pili ni waliojitoa. Walioanza walikuwa 75 na waliomaliza 57. Kumi na wanane waliacha. Mmoja wao alikuwa Abebe Bikila, bingwa wa Roma 1960 na Tokyo 1964. Mguu ulikuwa mbovu, akajitoa kabla ya nusu ya safari. Hakukimbia tena maratoni, maana mwaka 1969 ajali ya gari ilimpooza miguu. Hata hivyo nani atathubutu kumwita Bikila mwoga? Jeraha na kuacha, jeraha na kuendelea, yote mawili yalitokea barabara ile ile, siku ile ile. Sisi tumechagua moja tukalifanya sheria.

Kimya cha tatu, na kwangu ndicho kikubwa, ni mwaka 1970. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, Akhwari alikimbia maratoni kwa saa 2:15:05 akawa wa tano. Jamani, wa tano! Kati ya goti la Mexico na nafasi ile kuna karibu miaka miwili ya mwili kurudishwa kazini. Hakuna anayeitamba. Haina damu, haina uwanja wenye giza, haina jibu la kukariri.

Tukio la utambaji

Tumefundishwa kwamba fasihi simulizi haipo bila fanani, hadhira, mahali na wakati. Nami nitoe ushahidi kama hadhira.

Mara ya kwanza kifundo kiliteguka mtaroni, mazoezi ya alfajiri. Mashindano ya vyuo yalikuwa wiki ya tatu yake. Mkufunzi akatutambia Akhwari chini ya mwembe, tena kwa ufundi, sikatai. Nikakimbia, nikawa wa nne. Mara ya pili kilikuwa kifundo kile kile, pamoja na goti la kulia lililochoka kubeba mzigo wa mwenziwe. Safari hii hakusimulia. Alisema tu, "Kumbuka Akhwari." Kisakale kizima kilikwisha kuwa jina moja, kama methali. Mara ya tatu hakuna aliyeniambia lolote. Nilijitambia mwenyewe bwenini, nikafunga mguu kwa kitambaa, nikaenda. Nilimaliza wa mwisho. Hakuna aliyeniuliza kwa nini sikujitoa.

Baada ya hapo nilikaa zaidi ya mwaka bila mbio. Asubuhi nilitembea kando ya reli iendayo Kaliua nikihesabu mataruma: mia mbili leo, mia mbili na hamsini kesho, mguu ukivimba narudi mia moja. Jioni maji ya moto na chumvi. Nilitaka kuacha mara nyingi kuliko nilivyowahi kutaka uwanjani. Kama uvumilivu upo, mimi niliuona pale relini, na sikuwa na kisakale cha kunisindikiza.

Hitimisho

Simlaumu Akhwari, alikuwa mtu mzima, mwili wake, uamuzi wake. Wala simlaumu mkufunzi. Niliporudi kumsalimia nilimweleza habari za Bikila. Akafikiri, akasema, "Sawa mwanangu, lakini nani anamkumbuka Bikila kwa siku ile?" Sikuweza kumbishia, maana ndiyo hoja yenyewe: tunakumbuka tunachotamba.

Nawaomba wahakiki wenzangu, hasa mnaorudi likizo mikoani, mkusanye matoleo ya kisakale hiki, mwandike nani alikitamba, kwa nani na kabla ya nini. Na mwanamichezo aliyefungwa mguu akikaa mbele yenu, msiishie Mexico. Mfikisheni Edinburgh.