Vocha Iliyochelewa Mvua: Mkulima Mdogo wa Kenya Alivyosaidiwa Wakati wa Korona

Tarehe 23 Mei 2020, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza mpango wa shilingi bilioni 53.7 wa kuuinua uchumi wa Kenya uliokuwa umekabwa na korona. Ndani yake mlikuwa na shilingi bilioni 3 za pembejeo kwa wakulima wadogo 200,000, zitolewe kwa vocha ya kielektroniki. Wakuzaji wa maua na mboga za kuuza nje walitengewa bilioni 1.5 ili wasipoteze masoko yao ya ng'ambo. Siku hiyo, mahindi ya Trans Nzoia na Uasin Gishu yalikuwa yanafika magotini. Mbegu ilishaingia ardhini Machi na Aprili, na mbolea ya kupandia ilishatiwa, au ilishakosekana.

Uamuzi wa kutumia vocha ulikuwa sahihi, nami nautetea. Kilichokosewa ni majira na orodha ya wakulima, na mambo hayo mawili ndiyo yaliyoamua nani apate na nani akose.

Tuanze na vocha yenyewe. Kwa miaka mingi mbolea ya ruzuku ilipitia maghala ya Halmashauri ya Nafaka na Mazao, NCPB. Mkulima alijaza fomu, akatafuta sahihi ya chifu na ya afisa kilimo, akalipa benki, kisha akaenda kupanga foleni ghalani. Kila hatua ilikuwa safari, na kila safari ilimkutanisha na umati. Mwenye trekta na jamaa mjini alirudi na magunia mengi, na mwenye ekari moja akarudi na nauli iliyopungua. Korona ilipoingia Machi, foleni ya namna hiyo ikawa hatari ya kiafya juu ya kuwa dhuluma ya zamani.

Vocha huugeuza utaratibu huo. Mkulima anaandikishwa kijijini kwa nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, ukubwa wa shamba na zao analolima. Akikubaliwa, anapokea ujumbe kwenye simu. Anaweka mchango wake, kwa kuwa ruzuku hulipia sehemu tu ya gharama, kisha anakwenda kwenye agroveti, yaani duka la pembejeo, iliyosajiliwa karibu na kwake. Pale kaunta mwenye duka anaingiza nambari ya kitambulisho, mkulima anaingiza namba yake ya siri, na salio linatokea: mbegu kilo 10, gunia la mbolea ya DAP ya kupandia, gunia la mbolea ya CAN ya kukuzia, labda na dawa ya viwavijeshi. Anachukua vyote au nusu, na nusu iliyobaki anaifuata wiki nyingine. Duka linalipwa moja kwa moja kwenye akaunti. Watu watatu wakiwa dukani, basi ni wengi.

Jambo hili halikubuniwa mwaka 2020. Miaka kadhaa kabla ya hapo, mradi wa nafaka wa KCEP-CRAL, ulioendeshwa na serikali kwa fedha za Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo, IFAD, na Umoja wa Ulaya huku malipo yakipita Equity Bank, ulikuwa umeshawazoesha wakulima wa kaunti kama Kitui na Kwale kununua pembejeo kwa njia hii. Maduka yalishajua kutumia kifaa cha malipo, na maafisa ugani walishajua makosa yanayotokea wakati wa kuandikisha. Serikali ilipohitaji njia ya kumfikia mkulima bila kukusanya watu, njia ilikuwapo. Iliyohitajika ni kuipanua.

Sasa tupige hesabu. Bilioni 3 ukizigawa kwa watu 200,000, kila mmoja anapata shilingi 15,000. Gunia la DAP la kilo 50 mwaka ule liliuzwa yapata shilingi 3,000. Kwa hiyo, kwenye karatasi, fedha hizo zilitosha mbegu na mbolea ya ekari moja na zikabakiza za dawa na mifuko ya kuhifadhia isiyopitisha hewa. Kwa kaya moja huo ulikuwa msaada wa maana kabisa. Lakini sensa ya 2019 ilihesabu kaya karibu milioni 6.4 zinazolima nchini Kenya. Kaya 200,000 ni kama tatu katika kila mia. Msaada ukiwa mdogo hivyo mbele ya mahitaji, swali la kiufundi lenye uzito kuliko yote ni nani yumo kwenye orodha.

Na orodha ina mlango wake, ambao ni laini ya simu. Katika nyumba nyingi shamba ni la mume, laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha mume, naye yuko Nairobi au Mombasa anakofanya kibarua. Anayepanda, anayepalilia na anayejua ni gunia gani limekwisha ni mke. Ujumbe wa vocha unaingia kwenye simu iliyo mbali kilomita mia tatu. Kuanzia tarehe 6 Aprili hadi mapema Julai 2020, jiji la Nairobi na viunga vyake vilifungwa, mtu haingii wala hatoki, na Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa siku mbili baada ya Nairobi. Mume hangeweza kurudi nyumbani hata kama angetaka. Dawa ya tatizo hilo ilikuwa nyepesi: kuandika kwenye fomu jina la mtu wa pili wa kaya, na nambari yake. Fomu isiyo na nafasi hiyo inamwacha nje mkulima halisi wa shamba hilo.

Kwa upande wa majira, kinachoumiza ni kwamba mvua za masika hazibishani na bajeti. DAP isiyofika kabla ya kupanda haina kazi yake tena msimu huo. CAN ina nafasi ya wiki chache tu mahindi yakiwa magotini. Fedha zilizotangazwa mwishoni mwa Mei, zingojee bajeti ya Juni na mwaka wa fedha unaoanza Julai, zingeweza kumfaa mkulima wa vuli wa Machakos au Embu anayepanda Oktoba. Kwa mkulima wa Kitale, kule Trans Nzoia, msimu ulikuwa umekwisha kuamuliwa. Mpango uliozingatia mvua ungewapanga wakulima kwa kanda na kuanza na wale ambao mbegu yao bado iko mfukoni.

Hatua iliyomfikia mkulima kwa haraka zaidi haikuandikwa kwa ajili ya kilimo hata kidogo. Katikati ya Machi, Safaricom ilifuta ada ya kutumiana pesa kwa M-Pesa kwa kiasi kisichozidi shilingi 1,000, na msamaha huo ukarefushwa hadi mwisho wa mwaka. Fikiria mchuuzi anayelipa maziwa lita tano, au binti anayemtumia mama yake mia sita za mbegu. Malipo ya kiasi hicho ndiyo uhai wa shamba dogo, na ada ilikuwa ikiyala kila siku. Hakukuwa na fomu wala orodha, na kila mwenye M-Pesa alinufaika siku ileile.

Kwenye masoko mambo yalikwenda vibaya zaidi. Amri za kufunga miji ziliruhusu vyakula kupita, gari la mizigo likiwa na dereva na wasaidizi waliotajwa kwa maandishi. Mwenye lori alipita. Lakini mboga nyingi za mkulima mdogo hazipandi lori. Hubebwa na mama mchuuzi aliyezifunga kwenye magunia mawili juu ya basi dogo la matatu. Huyo kisheria alikuwa abiria, na abiria walikatazwa. Kafyu nayo, iliyoanza saa moja jioni, ikavuruga safari za usiku zinazofikisha mboga soko la Marikiti jijini Nairobi alfajiri. Sukuma wiki haingoji kibali. Kibali cha mchuuzi, kinachotolewa na kaunti kwa jina lake na kwa mzigo wake, kingegharimu karatasi na muhuri tu.

Faida iliyotarajiwa kubaki baada ya janga ilikuwa orodha ya wakulima iliyo hai. Lakini mapema mwaka 2023 machifu walitumwa tena vijijini kuandikisha upya wakulima wa nchi nzima kwa ajili ya mbolea ya ruzuku, na majina yakaingizwa kwenye mfumo mpya. Uandikishaji ulifika mbali kuliko ule wa 2020, na ujumbe wa vocha ukafika kwenye simu za mamilioni. Gunia lenyewe, hata hivyo, lilirudishwa kwenye maghala ya NCPB na ya shirika la biashara la serikali, KNTC, badala ya agroveti ya kijijini. Mkulima wa ekari moja akawa na ujumbe kiganjani na mbolea iliyo mbali, akimlipa mwenye bodaboda kwenda na kurudi pesa ambazo ruzuku ilikusudia zibaki mfukoni mwake.