Utando wa kahawia Mlingotini: tiba ni mwendo wa maji

Bahari ikipwa wakati wa bamvua huko Mlingotini, kusini mwa mji wa Bagamoyo, mchanga huonekana umepakwa rangi ya kahawia. Rangi hiyo ni dayatomu, mwani mdogo sana wa seli moja wenye ganda la silika. Mchana maji yakitoka, hupanda juu ya mchanga kufuata mwanga. Maji yakikaribia kurudi, hujizika tena. Mchangani, dayatomu ni chakula cha konokono na viumbe wengine wengi. Shida huanza utando wa namna hiyo unapokamata mwani mkubwa unaolimwa ukiwa umefungwa kambani.

Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza Zanzibar mwaka 1989 kwa mbegu iliyotoka Ufilipino, kisha kikaenea Bara. Njia iliyozoeleka ni ya mambo (vijiti) na kamba: mambo hupigwa mchangani, kamba huvutwa katikati, vishada vya mwani hufungwa kwa nyuzi za taitai, na baada ya wiki 6 hivi huvunwa. Shamba huwekwa kwenye kina kifupi ili mkulima, ambaye mara nyingi ni mwanamke, alifikie kwa miguu.

Kina hicho kifupi kinachompa mkulima nafuu ndicho kinachoutesa mwani. Maji kidogo hupata joto haraka msimu wa kaskazi, masika huyapunguzia chumvi, na tope hutifuka kila upepo ukivuma. Kotonii, aina ya mwani yenye bei nzuri kuliko spinosamu, aina nyingine inayolimwa, ni dhaifu zaidi mbele ya hali hizo. Mwani hauna mizizi ya kufyonza. Hupokea virutubisho na gesi kupitia ngozi yake yote. Maji yakituama, tope na mwani mdogo hutua juu ya ngozi hiyo, hukinga mwanga na kuziba mapito. Matawi hudhoofika, hupauka na kukatika.

Katika miaka ya 2000, wakulima wa Mlingotini walijaribu njia nyingine wakiwa na watafiti, akiwemo Dk. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar. Walilihamishia shamba kwenye kina kirefu zaidi na kuliacha lielee. Kamba nene hushikwa na nanga, maboya huibeba, na kamba za mwani hufungwa humo. Shamba hupanda na kushuka pamoja na maji, kwa hiyo mwani hauachwi juani wala haugusi mchanga. Mawimbi huutikisa mfululizo, na tope hukosa pa kutulia. Mwaka 2007 Dk. Msuya na wenzake walitoa ripoti iliyolinganisha njia hizo mbili kiuchumi.

Gharama yake ni kubwa. Panahitajika chombo, kamba imara na mtu anayejua kuogelea. Mawimbi yaleyale yanayosafisha huvunja matawi ya kotonii, ndiyo maana baadaye yalikuja majaribio ya kuupanda mwani huo ndani ya mirija ya nyavu. Mkono wa mkulima nao haukupata likizo: kamba lazima zikaguliwe na kutikiswa.

Anayefuga samaki wa maji chumvi kwenye tangi la kioo atafaidika na somo hili la mwendo wa maji, ila kwanza atambue utando wake. Vumbi la kahawia linalofutika kwa urahisi, katika wiki za mwanzo za tangi jipya, kwa kawaida ni dayatomu zinazokula silika ya maji ya bomba. Atumie maji yaliyochujwa vizuri na avumilie. Silika ikiisha, nazo hupungua. Utando wa utelezi unaobanduka kama shuka ni bakteria wa kijani-buluu. Aondoe uchafu na aongeze mzunguko wa maji. Nyuzi za makamasi zenye viputo huashiria dinoflajelati, ambazo mara nyingi hushamiri naitreti na fosfeti zikiwa zimeisha kabisa. Mwenye tangi la namna hii akizidi kuyasafisha maji, anazipa nafasi.

Kwa shamba, hitimisho langu ni moja. Mwani wa Mlingotini ulihitaji mahali penye maji yanayotembea, na mahali hapo hapafikiki kwa miguu. Mradi wowote unaotaka kuwasaidia wakulima hawa uanze na mashua na mafunzo ya kuogelea kwa wanawake. Mbegu bora ifuate. Mbegu bora ikipandwa kwenye maji yaliyotuama itavikwa utando uleule.