Jina ni Utungo wa Kwanza

Kila mzazi ni mtunzi, ajue asijue. Huenda katika umri wake wote hajapata kuandika hata ubeti mmoja, wala hana habari ya mizani wala ya vina. Lakini siku ya saba, mtoto anapofanyiwa akika na wazee wakauliza aitwe nani, mzazi huyo hutamka neno moja ambalo litasomwa mara nyingi kuliko tungo za washairi mashuhuri. Litasomwa skuli kila asubuhi, litaandikwa katika vyeti, litatajwa katika nikaha na katika hati za mirathi. Utungo wa namna hiyo unastahili kuhakikiwa kama unavyohakikiwa utungo mwingine wowote, na hilo ndilo tunalokusudia katika makala hii.

Limetusukuma lalamiko linalosikika katika mabaraza ya Mlandege, na bila ya shaka katika mabaraza mengine ya Unguja, kwamba wazazi vijana wanawapa watoto wao majina ya ajabu. Wapo wanaosema kuwa hiyo ni dalili ya utamaduni kupotea. Wapo wanaojibu kuwa mtoto ni wa mzazi wake, na jina ni hiari yake. Kwa maoni yetu, pande zote mbili zimekosea mahali pa kuanzia. Ugeni wa jina peke yake si kosa, na uzoefu wake peke yake si sifa. La kuuliza ni haya mawili: Je, mtoto akiulizwa jina lake lina maana gani, analo jibu? Na je, jibu hilo aweza kulitoa bila ya kuinamisha kichwa?

Na tulitazame kwanza hilo neno ajabu. Mgeni anayetoka Darajani akavuka kuingia Ng'ambo atakuta mitaa ambayo majina yake, kwa sikio lake, ni kichekesho kitupu. Hapa kwetu Mlandege atadhani amefika kwa mtu alaye ndege. Akiendelea atakutana na Vikokotoni, kisha Jang'ombe, na atakapofika Kisiwandui atashangaa kuona mtaa umebeba jina la maradhi ya ndui. Sisi wenyeji hatushangai, kwa kuwa tumeyazoea. Tena Kisiwandui ndipo alipouawa Rais wa kwanza wa Zanzibar, Marehemu Mzee Abeid Amani Karume, tarehe 7 Aprili 1972, na ndipo alipozikwa. Leo anayetaja Kisiwandui hafikirii maradhi, bali hufikiria historia ya nchi. Kwa hiyo ajabu ya jina haimo katika neno lenyewe tu. Imo pia katika masikio ya anayelisikia, na masikio hubadilika.

Majina ya watu ya asili nayo yana ajabu yake. Wazee wetu waliwaita watoto kwa siku walizozaliwa: Juma, Khamis, Mwanajuma, Mwanahamisi. Waliwaita kwa miezi: Rajabu, Shaabani, Ramadhani. Waliwaita kwa mpango wa kuzaliwa: Mosi, Pili, Tatu, na mapacha wakawaita Kurwa na Doto. Aliyezaliwa usiku aliitwa Chausiku. Aliyekuja wakati wa dhiki aliitwa Tabu au Shida. Na ambaye wazazi wake walikwisha kukata tamaa ya kupata mtoto aliitwa Sikudhani. Zaidi ya hayo, mama aliyezika watoto mmoja baada ya mwingine aliweza kumwita anayefuata Sikitu, ili mauti na macho ya mahasidi yampite kama apitwavyo asiye na thamani. Asiyejua mila atasema mama huyo alimdharau mwanawe. Ajuaye atasikia ndani ya neno hilo moja kilio na dua kwa pamoja. Washairi wachache wamepata kusema mengi namna hiyo kwa silabi tatu.

Hata watukufu wa pwani yetu walikuwa na majina ya Kiswahili kitupu. Katika karne ya 17 Unguja ilitawaliwa na malkia aliyeitwa Mwana Mwema. Na mwanamke wa Pate aliyemtungia binti yake utendi wa mawaidha mwaka 1858, unaosomwa mpaka leo katika skuli zetu, aliitwa Mwana Kupona. Kupona! Lau mzazi wa leo angelimwita mwanawe hivyo, jirani zake wangemcheka; ilhali jina hilo limo katika kila kitabu cha historia ya ushairi wetu.

Hata hivyo, tusiyasifu ya kale kwa kuwa ni ya kale tu. Yako majina ya zamani yaliyokuwa mzigo juu ya kichwa cha mtoto, na mfano mkubwa tunao katika kisiwa hiki. Yapata mwaka 1880, katika kijiji cha Fumba, alizaliwa mtoto wa kike akaitwa Mtumwa. Utumwa ulikuwa bado haujafutwa Unguja; sheria ya kuufuta ilitoka mwaka 1897. Mtoto huyo alikua akiuza vyungu, akahamia mjini, akajifunza kuimba, na sifa zake zilipoenea watu wakamwita Siti, yaani bibi mwenye heshima. Ndiye Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi nyimbo zake kwa Kiswahili. Alipofariki mwaka 1950 hakuna aliyemwita tena kwa jina la Fumba. Marehemu Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na miaka mingi baadaye jarida la Chama cha Waandishi wa Habari Wanawake Tanzania likapewa jina la Sauti ya Siti.

Wengine huitumia habari hii kuthibitisha kuwa jina si kitu, maana mtu hujitengenezea sifa mwenyewe. Huongeza mfano wa Fatuma binti Baraka, ambaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Bi Kidude. Kidude ni kitu kidogo ambacho hata jina lake halijulikani. Lakini mwenye jina hilo alitunukiwa tuzo ya muziki ya kimataifa ya WOMEX mwaka 2005, na alipofariki tarehe 17 Aprili 2013 alililiwa na nchi nzima. Sisi tunaisoma mifano hii kwa namna nyingine. Siti alilishinda jina la Mtumwa kwa kuliacha, na ilimbidi awe na sauti isiyokuwa na mfano ndipo watu wampe jina jingine. Bi Kidude aliligeuza neno la mzaha likawa la heshima kwa kazi ya umri mrefu. Mzazi hana haki ya kumtwika mwanawe mzigo kwa matumaini kwamba atakuwa hodari wa kuutua.

Na tugeukie majina ya siku hizi. Kwa uchunguzi wetu yako ya aina tatu, na kila aina ina hukumu yake.

Aina ya kwanza ni majina ya matukio. Baada ya mwaka 1964 walikuwapo watoto Zanzibar walioitwa Mapinduzi. Kenya, mtoto wa Mzee Jomo Kenyatta aliyezaliwa mwaka 1961, miaka miwili kabla ya nchi hiyo kujitawala, aliitwa Uhuru. Mwezi wa Novemba 2008, Barack Obama aliposhinda uchaguzi wa Marekani, wazazi wengi wa Kisumu waliwaita watoto wao Barack na Michelle. Majina haya yanaonekana mageni, lakini kanuni yake ni ile ile ya Chausiku na Tabu: mtoto amepewa tarehe aibebe. Mwenye jina hilo akiulizwa maana yake, ana hadithi ya kusimulia. Hatuoni ubaya wake.

Aina ya pili ni majina yaliyoazimwa kwa utamu wa sauti. Mzazi amelisikia katika mchezo wa televisheni au katika simu, limempendeza, basi. Hapa pana hatari ambayo wazee wetu waliijua. Imepokewa kuwa Mtume Muhammad (S.A.W.) alimbadilisha jina mwanamke mmoja lililokuwa na maana ya muasi, akamwita Jamila. Jina lile la kwanza, likitamkwa kwa ulimi wetu wa Kiswahili, hukaribia sana kufanana na Asiya, jina la mke wa Firauni anayeheshimiwa mno. Lakini kwa Kiarabu ni maneno mawili tofauti, na maana zake ziko mbali kama mbingu na ardhi. Anayeazima neno kwa sauti tu ni kama anayenunua chombo gizani: huenda akapata cha thamani, huenda akapata kilichopasuka.

Aina ya tatu ni majina ya kuunganishwa. Tuseme baba ni Haji na mama ni Zuhura, mtoto akaitwa Hazura. Ubunifu upo, na mapenzi ya wawili yanaonekana. Lakini Haji lina maana yake, na Zuhura ni nyota; Hazura halisemi lolote ila kwamba wazazi wake walipendana. Wazazi wamejitungia wao, na mtoto wamemfanya karatasi.

Watetezi wa majina mapya wana hoja moja yenye nguvu, nayo tuikubali. Majina yaliyozoeleka yamejaa mno hata hayatambulishi tena. Mwalimu akiita Khamis Juma, huenda wakaitika watatu; na mtaani mtu hupewa jina la utani si kwa dharau, bali kwa haja ya kumpambanua na wenziwe. Jina la pekee huondoa taabu hiyo. Lakini huondoa na jambo jingine. Katika Kiswahili wawili wenye jina moja huitana somo, au wajina, na udugu huo huwafanya watu wasiojuana kuanza kuzungumza kwa bashasha. Mtoto mwenye jina ambalo hakuna mwingine duniani aliye nalo hatapata kuitwa somo na mtu yeyote.

Tena yatupasa kukumbuka kwamba hapa Zanzibar jina halimaliziki kwa mwenyewe. Mtu huandikwa jina lake, la baba yake na la babu yake. Rais wa kwanza aliitwa Abeid Amani Karume. Mwanawe, aliyeiongoza Zanzibar tangu mwaka 2000 hadi 2010, akaitwa Amani Abeid Karume, na jina la babu likarudi mbele. Basi anayemwita mwanawe wa kiume jina la mzaha leo, ajue kuwa wajukuu wake watalibeba katika nafasi ya pili, na vitukuu katika nafasi ya tatu, na wote watatakiwa walieleze.

Je, Serikali iweke sheria ya majina? Zaire ilijaribu. Mwaka 1972 Rais Mobutu aliamuru raia waache majina ya Kikristo yenye asili ya Ulaya na kuchukua ya Kiafrika. Yeye mwenyewe akaacha Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa Za Banga. Wengi walitii katika karatasi, na nyumbani wakaendelea kuitana kama zamani. Amri ilipolegea katika miaka ya 1990, majina yale yakarudi. Jina hupewa kwa mapenzi, na mapenzi hayaamrishwi. Wala asili ya neno si kipimo cha uzalendo. Shaaban Robert alibeba jina la baba lenye sauti ya Kiingereza, na hakuna aliyekitumikia Kiswahili kumshinda. Mwalimu Nyerere alibatizwa Julius mwaka 1943, na jina la Kambarage, alilopewa kwao Butiama, hakulitupa.

Lililo muhimu zaidi ya sheria ni linalotendeka darasani. Tunayoyasikitikia hasa si majina mapya, bali aibu inayoyafukuza ya zamani. Wako watoto wanaoitwa Makame, Vuai, Pandu, Mcha na Mwanakombo ambao wenziwao huwacheka na kuwaona wa shamba, na wapo wanaofika ukubwani wakajiita vingine mbele ya wageni. Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Binti wa Fumba aliliacha jina la Mtumwa akawa huru. Hawa wanayaacha majina ya bibi na babu zao bila ya kujua wanaacha nini.

Mwalimu ndiye mhakiki wa kwanza, kwa kuwa ndiye anayeyasoma majina kwa sauti mbele ya watu. Akilitamka jina geni kwa kicheko, darasa zima litacheka. Akilitamka kwa utulivu, litakuwa jina kama mengine. Tunapendekeza kwamba katika somo la insha kila mwanafunzi apewe kazi ya kwenda kwa wazazi na wazee wake kuuliza nani aliyempa jina, kwa sababu gani, na nani mwingine katika ukoo amepata kuitwa hivyo, kisha aandike majibu ukurasa mmoja. Daftari la mahudhurio litageuka diwani. Wengine watarudi na hadithi ya msiba, wengine ya mavuno, wengine ya mchezo wa televisheni. Na yule atakayerudi mikono mitupu atakuwa amejifunza kitu atakachokihitaji siku atakapokuwa mzazi, wazee watakapomkalia kitako wakingoja neno lake.

Hayo ndiyo maoni yetu. Tunawaachia walimu na wanafunzi wayapime kwa majina yao wenyewe.