‘Ojalá’ si ‘inshallah’: Tafsiri maana, usitafsiri asili

Juma lililopita niliihakiki kazi ya mwanafunzi anayejifunza Kihispania. Alikuwa ametafsiri mazungumzo ya tamthilia moja ya Mexico. Mahali fulani, mama wa watoto watatu anayejutia ndoa yake anasema: “Ojalá no me hubiera casado.” Mwanafunzi akaandika: “Inshallah nisiolewe.” Ebo! Aliyekwisha kuolewa ataombaje asiolewe?

Nilipomuuliza, alijitetea kwamba ‘ojalá’ lina asili ya Kiarabu, kwa hivyo ni ndugu wa ‘inshallah’. Kuhusu asili, hakukosea. Kamusi ya Real Academia Española inalihusisha neno hilo na Kiarabu cha Andalusia, ‘law šá lláh’. Waislamu waliingia Uhispania mwaka wa 711, na dola yao ya mwisho huko, Granada, ikaanguka mwaka wa 1492. Katika karne hizo Kihispania kilikopa maneno mengi ambayo hata sisi tunayo. ‘Azúcar’ ni sukari. ‘Aceituna’ ni zeituni. ‘Alcalde’ nalo limetokana na neno lile lile lililotupa kadhi.

Hebu litazame hilo la mwisho. ‘Alcalde’ ni meya, na hakuna anayemwendea meya kusuluhishiwa mambo ya talaka au mirathi kama aendavyo kwa kadhi. Asili hutuambia neno lilikotoka, haituambii linafanya kazi gani leo.

Isitoshe, maneno haya mawili hayana mwanzo mmoja. ‘Inshallah’ huanza kwa ‘in’, ambayo katika Kiarabu huleta sharti la jambo linaloweza kutukia. ‘Law’ huleta sharti la kukisia, aghalabu la jambo ambalo halipo. Katika Kiswahili, ‘inshallah’ huandamana na ahadi au mpango: “Nitafika kesho, inshallah.” Mhispania hatii ‘ojalá’ hapo. Neno lake hutamka tamanio, na hata asiyemwamini Mungu hulitumia bila wasiwasi.

Kinachoamua tafsiri ni kitenzi kinachofuata. “Ojalá venga” ni “Natumai atakuja” au “Mola amjalie aje”. “Ojalá viniera” ni “Laiti angekuja”, yaani msemaji anatamani lakini ana shaka. “Ojalá hubiera venido” ni “Laiti angalikuja”, maana wakati umeshapita na mtu hakuja. Neno ni moja, tafsiri ni tatu.

Hapa ndipo kosa la mwanafunzi huyu linapotugusa sote. Kiswahili kina vifaa vya kuzibeba maana hizi bila taabu, ila tumeviacha vikashika kutu. Redioni na hata magazetini, -nge- imevamia kila mahali, na -ngali- haisikiki ila mara mojamoja. Wengine huzichanganya wakasema “ningelijua”. Wapo wanaoshikilia kwamba viambishi hivi ni visawe, na anayevitenganisha anajitia makuu tu. Sikubaliani nao. Mama anayesema “Laiti nisingeolewa” anaweza kuwa bado ni mchumba anayesukumwa na wazazi. Anayesema “Laiti nisingaliolewa” hana tena pa kutokea. Ukiufuta mpaka huo, msikilizaji hajui kama amwokoe mtu au ampe pole.

Nilimrudishia mwanafunzi kazi yake nikiwa nimeandika pembeni: “Laiti nisingaliolewa.” Akaniambia, “Lakini Mwalimu, watu hawasemi hivyo siku hizi.” Pengine ni kweli. Lakini yule mama wa Mexico amesema hivyo hasa, na mfasiri hana ruhusa ya kumpunguzia majuto yake eti kwa sababu sisi tumesahau kiambishi. Anayetaka kutafsiri lugha ya wenzake na aanze kwa kuijua yake.